Mashine za umeme kwa watoto wenye tiki: tununue au tusubiri?

Ujumbe ulifika kwenye simu ya studio usiku, kipindi cha afya kikiwa kimeshaisha. Baba mmoja wa Mpapura alitaka kujua kama ni kweli kwamba Wazungu wamepata saa ya umeme inayotuliza watoto wanaotikisika bila kutaka. Na kama ni kweli, inauzwa wapi, maana minada imeanza na yeye yuko tayari kutoa magunia mawili ya korosho.

Tulimpigia asubuhi yake. Mwanawe ana miaka 11, yuko darasa la tano. Alianza kupepesapepesa macho akiwa darasa la kwanza, wakadhani ni vumbi. Macho yakatulia, ikaja shingo: anaitupa upande mmoja, mara tatu, mara nne, halafu anaendelea na alichokuwa anafanya kama vile hakuna kitu. Mwaka huu umeongezeka mguno mfupi, kama wa mtu anayesafisha koo. Kwa mguno huo ameshachapwa darasani. Bibi yake anasema ni majini. Mwezi wa sita walimpeleka kwa mganga, na kweli mtoto akatulia wiki mbili, karibu tatu. Kisha hali ikarudi, tena kwa kishindo, wiki ya mitihani ya Septemba.

Hapo ndipo mjomba wa mtoto alipotumiwa video kwenye simu, kijana wa Uingereza amevaa kifaa mkononi, shingo inamtikisika, kifaa kinawashwa, shingo inatulia. Na kama vile haitoshi, kuna mtu mjini anayezunguka na kimashine chake akisema kinasoma ubongo na kuurekebisha, malipo kabla.

Tumekuwa tukipata maswali ya namna hii kutoka Nanyamba, Kitaya na kwingineko, ingawa si yote yanahusu watoto. Tuliahidi hewani kwamba tutaliandika hili kwa urefu ili msikilizaji alisome kwa nafasi yake na kumwonyesha mwalimu au mhudumu wa zahanati. Basi hili hapa.

Hali yenyewe ina jina

Madaktari huiita tiki. Si ile tiki ya mwalimu kwenye daftari. Ni mwendo wa ghafla, wa haraka, unaojirudia, wa macho, uso, shingo, bega au mkono; au sauti ya kuguna, kukohoa, kunusa, wakati mwingine neno zima. Mtoto akiwa na miendo zaidi ya mmoja pamoja na angalau sauti moja, na hali ikaendelea kwa zaidi ya mwaka, huitwa ana ugonjwa wa Tourette. Jina hilo linatokana na daktari wa Kifaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Kwa hiyo si ugonjwa mpya na wala haukuletwa na simu.

Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka mitano hadi saba. Hukolea zaidi kati ya miaka 10 na 12, na kwa wengi hupungua ujana unapoelekea mwisho. Wavulana hupata mara tatu hadi nne kuliko wasichana. Katika nchi zilizochunguza shule zao, mtoto mmoja kati ya 100 au kati ya 200 anao. Daktari Mary Robertson wa Uingereza, aliyekusanya tafiti nyingi mwaka 2008, alikadiria asilimia moja duniani, lakini akasema kwa Waafrika weusi wa kusini mwa Sahara ugonjwa unaonekana kuwa adimu. Sisi hapa tunaisoma kauli hiyo kwa tahadhari. Kitu kisichohesabiwa huonekana adimu. Ukichukua hesabu ya nchi nyingine ukaiweka kwenye shule yenye wanafunzi 600, unapata watoto watatu hadi sita. Mwalimu yeyote anayesoma hapa hebu apitishe macho darasani kwake, kisha aamue mwenyewe.

Jambo linalowachanganya wazazi na walimu ni kwamba mtoto anaweza kuizuia tiki kwa muda. Wenye hali hii wanaeleza kuwa kabla ya mwendo kuna msukumo unajijenga mwilini, kama chafya inayokuja au mwasho unaotaka kukunwa. Unaweza kuishika chafya kidogo, lakini mwisho itatoka. Ndiyo maana mtoto anatulia msikitini au kanisani, anatulia mbele ya daktari, akifika nyumbani anaachia zote kwa mkupuo. Mzazi akiona hivyo anasema, kumbe anaweza kuacha, anafanya makusudi. Hapana. Amejibana, na kujibana kunachosha.

Kuna habari pia kwamba watu wa Tourette wanatukana ovyo. Filamu zinaipenda sana hiyo. Ukweli ni kwamba wanaotoa matusi bila kutaka ni wachache, kama mmoja kati ya kumi.

Kinachotokea kichwani tunaweza kukieleza kwa mfano wa ghala la chama cha msingi wakati wa korosho. Kila gunia linataka kupita. Karani wa mlangoni anaangalia karatasi, hili linapita, lile linasubiri. Ndani kabisa ya ubongo kuna vituo vinavyofanya kazi ya karani huyo: vinaruhusu mwendo ulioutaka na kuzuia usioutaka. Kwa mwenye tiki, karani anapitiwa mara kwa mara, gunia lisilo na karatasi linatoka. Watafiti wanaotumia umeme na sumaku wanajaribu kumgutusha karani.

Saa ya Nottingham

Video aliyotumiwa mjomba, kwa maelezo tuliyopewa, inalingana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nottingham nchini Uingereza, kwa Profesa Stephen Jackson na wenzake. Wao hawaugusi ubongo wenyewe. Wanapitisha umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu unaopita upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Mshipa huo hupeleka habari kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na mwendo. Wazo lao ni kwamba umeme ukigonga kwa mdundo wa mara 10 kwa sekunde, ubongo unaufuata mdundo huo, na katika mdundo huo misuli huelekea kutulia, kama wapiga ngoma wanavyomfuata yule wa kwanza.

Mwaka 2020 walitoa matokeo ya watu 19. Tiki zilipungua umeme ukiwa umewashwa. Wakajenga kifaa cha kuvaa kama saa, wakakiita Neupulse, na kampuni ikazaliwa chuoni kwa ajili hiyo. Kisha wakafanya jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2023: watu 121 wenye miaka 12 na kuendelea, kila mmoja nyumbani kwake, dakika 15 kwa siku, wiki nne. Waliopata umeme kamili walipungukiwa tiki kwa zaidi ya robo kwa wastani, na asilimia 59 yao walifikia nafuu ya robo au zaidi. Katika watu kumi, sita walipata nafuu hiyo na wanne hawakuipata. Na ni nafuu ya wakati kifaa kinafanya kazi. Hakuna aliyesema amepona.

Hizo ni habari njema, na tunazisema kama habari njema. Kwa familia ambayo mtoto anatikisa shingo mara mia kwa siku, robo si kidogo.

Ila kuna wengine waliorudia. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mji wa St. Louis, Marekani, watafiti walilinganisha umeme wenye mdundo na umeme usio na mdundo, unaogonga ovyoovyo. Kama mdundo ndio siri, wa ovyo usingefanya kitu. Matokeo yakaja kuwa yote miwili ilipunguza tiki karibu sawa. Maana yake kifaa huenda kinasaidia, lakini maelezo ya kwa nini kinasaidia bado yanagombaniwa. Labda ni mdundo. Labda ni umeme wowote. Labda ni kwamba mtu akihisi kitu mkononi, mawazo yanatoka shingoni.

Kwa nini kila dawa inaonekana kutibu tiki

Hapa tunaomba msikilizaji atulie nasi, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea.

Tiki hupanda na kushuka zenyewe, kama bamvua na maji mafu pale Mikindani. Wiki tatu kali, wiki mbili tulivu, mwezi mmoja hakuna, kisha inarudi kwa sura nyingine. Sasa jiulize, mzazi anampeleka mtoto kwa mganga lini? Hampeleki siku ambayo mtoto ametulia. Anampeleka maji yamejaa kabisa, familia nzima haina usingizi. Baada ya kilele kinachofuata ni kushuka. Mganga amekaa tu kwenye mkondo wa maji yanayopwa, na sifa anazipata yeye. Muuza majani ya kuchemsha naye vilevile. Na mwenye kimashine cha umeme pia, hata kikiwa hakina betri.

Yule baba alipotuambia mtoto alitulia wiki tatu baada ya kutoka kwa mganga, hakuwa anadanganya, na mganga si lazima awe tapeli. Wote wawili waliona walichokiona.

Ndiyo sababu watafiti makini hutumia mashine geresha. Washiriki hugawanywa kwa kura. Wengine hupewa umeme kamili, wengine kifaa kilekile, taa inawaka vilevile, lakini umeme wake hautoshi kufanya kazi. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Mwishoni unalinganisha. Nafuu inayopatikana makundi yote mawili ni ya kupwa na kujaa, pamoja na ya matumaini. Ile ya ziada tu ndiyo ya umeme.

Ukitaka kuona kazi ya geresha, tazama historia ya sumaku. Tangu mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa ukiweka sumaku yenye nguvu juu ya kichwa na kuiwasha kwa mapigo, umeme unaamka ndani ya ubongo bila kupasua kitu. Korea Kusini waliwajaribu hivyo watoto 10 wenye Tourette na kutoa matokeo mwaka 2011: tiki zilipungua. Lakini watoto wote walipewa sumaku ya kweli, hapakuwa na kundi la geresha. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya Marekani ya watu wazima 20 wenye hali kali, safari hii kwa kura na geresha. Waliopewa sumaku walipata nafuu. Waliopewa geresha nao walipata nafuu. Tofauti ikawa ndogo mno kuweza kusema sumaku ndiyo iliyofanya.

Hawakukata tamaa. Chuo Kikuu cha Minnesota, kikundi cha Christine Conelea, kinajaribu sumaku kwa vijana wa miaka 12 hadi 21 kwa namna tofauti: sumaku inatuliza kwanza sehemu ya ubongo inayopanga mwendo, kisha papo hapo kijana anafanyiwa mafunzo ya kuidhibiti tiki. Wanataka kujua kama shamba likilainishwa kwanza, mbegu itashika vizuri zaidi. Sisi tunaona hilo ndilo wazo la busara kuliko yote, kwa sababu halimwachii mashine kazi nzima.

Kisu

Ipo njia ya tatu, nayo tutaipita haraka, maana kwa mtoto wa darasa la tano haihusiki. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi waliripoti kwamba wamepitisha nyaya nyembamba hadi kwenye vile vituo vya ndani vya ubongo na kuziunganisha na betri iliyofukiwa chini ya ngozi. Baadaye nchi 10 zilikusanya kumbukumbu za wagonjwa 185, zikachapishwa mwaka 2018. Baada ya mwaka mmoja ukali wa tiki ulikuwa umepungua kwa asilimia 45 kwa wastani. Lakini zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walipata madhara, kuanzia ganzi na kigugumizi hadi, kwa wachache, uambukizo au damu kuvuja kichwani. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2006 uliweka umri wa chini kuwa miaka 25. Mwaka 2015 kikomo hicho kiliondolewa, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 wakataka kamati ya maadili ihusishwe kwanza. Sababu tumeshaitaja: mtoto wa miaka 11 aliye kileleni leo, huenda akiwa na miaka 18 tiki zimempungua zenyewe. Nani atamtoa nyaya?

Watoto wa nani wamejaribiwa?

Majaribio yote tuliyoyataja yamefanyika Ulaya, Marekani na Asia. Mtoto wa Mpapura hayumo, na wa Mbeya au Mombasa hayumo. Ubongo ni ubongo, hatutarajii wa Mmakonde uwe na karani tofauti. Lakini mazingira ni tofauti. Kifaa cha kuvaa kinataka chaji, kinataka vipuri, kinataka mtu wa kupima mkono wa mtoto na kurekebisha nguvu ya umeme. Kikiharibika, utakipeleka wapi? Na jambo jingine: wale walioshiriki Nottingham walikuwa tayari na jina la ugonjwa wao. Huku kwetu hatua ya kwanza kabisa, ya mtu kumwambia mzazi kwamba hii inaitwa tiki, ndiyo inayokosekana. Mashine bora duniani haimsaidii mtoto ambaye mwalimu wake anaamini ni mtundu.

Hapo sisi tuna neno kuhusu fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kuguna si kosa kubwa, wala si kosa. Mzazi ana haki ya kwenda kwa mkuu wa shule, kwa heshima, na kumweleza. Ukiweza nenda na barua ya mganga wa zahanati. Na tunasema hivi si kwa huruma tu: tiki hukolea mtoto akiwa na hofu. Fimbo inaongeza kile inachotaka kukiondoa.

Kilicho na ushahidi bila mashine

Ajabu ya habari hii ni kwamba tiba ambayo wataalamu wa Marekani waliipendekeza ianze kabla ya nyingine, katika mwongozo wao wa 2019, haina waya hata mmoja. Ni mafunzo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, vikao vinane ndani ya wiki kumi. Nusu ya waliofunzwa walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano kwenye kundi la kulinganisha. Linganisha mwenyewe na saa ya Nottingham. Uingereza wamepeleka mafunzo ya jamii hiyo kwa njia ya intaneti kwa watoto 224, matokeo yakatoka 2021, na yamesaidia. Hilo la intaneti linatuvutia sana, kwa sababu simu tunazo, na hatuoni kwa nini siku moja yasiwepo kwa Kiswahili.

Yanafanyikaje? Mtoto anafundishwa kuutambua ule msukumo kabla ya tiki. Kisha anafundishwa kufanya kitu kinachopingana nayo, mpaka msukumo upite. Kwa tiki ya kutupa shingo, anashusha kidevu kidogo na kuikaza shingo taratibu kama dakika moja. Kwa mguno, anavuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole. Anaanza na tiki moja, ile inayomsumbua zaidi, si zote. Mzazi anamsifu akijaribu, hamgombezi akishindwa. Pamoja na hayo, mafunzo yanatafuta yanayoichochea: kukosa usingizi, mitihani, watu kumkodolea macho. Tuseme wazi kwamba yanataka mtaalamu wa kuyaongoza. Lakini sehemu moja haihitaji mtaalamu yeyote: nyamaza. Usimwambie mtoto "acha hiyo" kila anapotikisa. Kumtajia tiki ni kuiita.

Dawa zipo pia. Haloperidol, inayopatikana kwenye hospitali zetu kwa ajili ya magonjwa ya akili, hupunguza tiki. Lakini huleta usingizi, kukakamaa kwa misuli na mengine, kwa hiyo ni ya daktari, kwa dozi ya daktari, kwa mtoto ambaye hali imemshinda kula, kusoma au kulala. Si ya kununua dukani kwa sababu jirani alipewa.

Si kila kutikisika ni tiki

Kifafa: mtoto hupoteza fahamu au hukodoa macho bila kujibu, na baadaye hakumbuki. Mwenye tiki anakujibu hukuhuku anatikisika. Mwenye kifafa asisogezwe karibu na mashine yoyote ya umeme au sumaku ya mtaani.

Kuna jingine la hatari zaidi. Mtoto aliyeumwa koo, kisha wiki au miezi baadaye akaanza kurusha mikono na miguu kama anayecheza ngoma bila mpangilio, anadondosha vitu, mwandiko umeharibika. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, inayoumiza moyo. Mpeleke hospitali mapema, hata kama anacheka na kula vizuri.

Na yapo yale yanayoitwa mashetani ya shuleni, mabinti kumi wanaanguka na kupiga kelele siku moja. Mikoa yetu inayajua. Nchi hii ina kisa maarufu duniani: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kikasambaa hadi wasichana 95 kati ya 159, shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Miaka ya korona, madaktari wa Ujerumani, Uingereza na Kanada waliona kitu cha jamaa yake: vijana, wengi wasichana, walioanza ghafla miendo mikubwa na kupiga kelele baada ya kutazama video za watu wenye Tourette. Hawakuwa wakijifanya. Lakini haikuwa Tourette, ambayo huanza polepole na utotoni. Chanzo chake ni mzigo wa mawazo, na tiba yake ni kuushughulikia mzigo huo. Mwenye mashine mtaani hatatofautisha haya mawili, kwa sababu kwake wote ni wateja.

Tulimjibu nini

Tulimwambia yule baba asiuze gunia hata moja kwa ajili ya mashine. Mwanawe hajafikisha hata umri wa wale waliojaribiwa Nottingham. Kifaa kinachouzwa kwenye mtandao kwa jina linalofanana, huna namna ya kujua ndani kuna nini. Na yule bwana wa mjini, tulimwomba baba amuulize maswali mawili: ni jaribio gani lilifanywa kwa kutumia mashine yake hiyo, na kama lilikuwa na geresha.

Tulimshauri atumie simu yake kwa kazi nyingine. Amrekodi mtoto, dakika moja au mbili, akiwa nyumbani ametulia na hajui, mara kadhaa kwa wiki tofauti, kisha aandike tarehe. Kwa daktari mtoto atajibana, lakini video haijibani. Aanzie zahanati, aombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Mkoa, Ligula, aulize kitengo cha afya ya akili. Wapo wanaosita wakisikia neno akili. Tulimweleza kuwa kwenda pale hakumfanyi mtoto kuwa mwehu, ni kwamba watu wanaozijua hali hizi ndipo wanapokaa. Ikihitajika zaidi, kuna Hospitali ya Kanda pale Mitengo, na juu yake Muhimbili.

Alisikiliza, akauliza kama akimrekodi mtoto bila kumwambia si vibaya. Swali zuri, hatukulitegemea. Tukamwambia amweleze kabla kwamba wiki hizi atarekodiwa kwa ajili ya daktari tu, na video isirushwe kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la ukoo.

Jumatatu iliyofuata alikwenda shuleni. Mwalimu wa darasa, anasema, alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema darasa la tatu yuko mwingine.